Watu Wawili Katika Kipimo Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Leo! Daktari wa ngozi kaniambia kuna kipimo. Si cha kuniambia naumwa nini — hilo nalijua, soriasisi, mwaka wa sita huu. Viwiko, magoti, kichwa. Nikiinuka kitini naacha unga wa ngozi. Hiki kinatafuta alama kwenye jeni. Jeni, kasema, ni kama maandishi tuliyorithi kwa wazazi, yamejaa mwili mzima. Wenye alama hiyo, sindano fulani mara nyingi inawakubali vizuri. Wasio nayo wanatafutiwa nyingine. Yaani hawabahatishi tu! Mimi nimeshapakwa, nimeshamezeshwa, nimeshaanikwa chini ya taa za hospitali, kama shati lenye doa linalojaribiwa sabuni zote za dukani.

Alhamisi naenda. Kibonge wangu kacheka na daktari. Miezi minane, meno mawili, hana habari.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mama mkwe. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita. Kasema kipimo hakijawahi kumponya mtu. Yeye ana lake: mwisho wa mwezi anaondoka na Kibonge, akakae kwake "mpaka upone". Ati nitamwambukiza! Nikasema hauambukizi, daktari kasema mara mia.

"Daktari hakumzaa huyu."

Wala wewe hukumzaa — hilo nilisema moyoni. Mdomoni nilisema ndiyo, mama. Nikampigia baba Kibonge, yuko safari na lori lake. Injini inanguruma, yeye anapiga kelele: msikilizane tu! Tusikilizane. Kwani tunaimba kwaya?

Ikifanya kazi hiyo sindano, mama mkwe atasema nini tena?

Alhamisi, 6 Machi

Nimepimwa. Ni kijiti chenye pamba, unasugua ndani ya shavu, basi. Muuguzi kageuka kuandika jina langu kwenye kichupa. Kibonge mapajani — chap! Kijiti kimo mdomoni mwake. Anakifyonza kama pipi! Nikakinyakua, nikakifuta kwenye gauni, nikasugua tena shavuni, nikakitumbukiza.

Sikusema. Foleni ilifika mlangoni, nikaogopa kuambiwa rudi mwezi ujao. Mwezi ujao mtoto sina. Halafu mate ya mama na mwana, si yaleyale?

Jumatano, 12 Machi

Si yaleyale.

Simu imelia namwogesha Kibonge, nikaweka spika. Fundi wa maabara, sauti ya upole kabisa: "Mama, humu ndani mna watu wawili."

Mama mkwe kaangusha nepi aliyokuwa anakunja. "Una mimba tena!"

Nilicheka mpaka povu likaniingia jichoni. Kisha nikalia kidogo. Nikaungama yote, kijiti, gauni, foleni. Nikajua nimefutwa. Kumbe fundi anacheka! Kasema njoo kesho tuchukue damu, na huyo mwenzako mwachie mtu nje.

Mama mkwe kasema atamshika yeye. Sijui ni upendo au anajizoesha.

Jumatatu, 24 Machi

IPO! Alama ninayo! Nimepiga kigelegele mle mle chumbani, wa foleni wakachungulia. Daktari kanikalisha chini: alama si ahadi, ni dalili njema, wapo walionayo na dawa ikawagomea. Sawa, daktari, sawa. Lakini miaka sita hakuna aliyewahi kuniambia mwili wangu una kitu kizuri ndani.

Nikauliza, na Kibonge? Huenda karithi, huenda hakurithi, na kuwa nayo siyo kuugua. Hilo nimelimeza taratibu.

Sindano Ijumaa!

Ijumaa, 28 Machi

Naandika kwenye benchi la kliniki, kwa mkono mmoja. Nimeshachomwa! Tumboni, kama siafu mwenye haraka. Nikae nusu saa waniangalie. Kunyonyesha nimeruhusiwa, nimeuliza mara tatu.

Mama mkwe kaja na begi la nguo za Kibonge, zipu imefungwa. Kasema tutaagana hapahapa, mwezi umeisha. Muuguzi alipopita kamshika mkono: "Mwanangu, hii dawa siku ngapi?" Si siku, mama, ni wiki. Wiki nne, hata kumi na mbili, ndipo tutajua. Mama mkwe kahesabu kwa vidole. Karudia. Kisha kauliza kwa sauti ndogo, na kweli hauambukizi?

"Hauambukizi, mama."

"Hata mtoto akilala naye?"

"Hata akilala naye."

Mama mkwe kaketi kando yangu.

Zimebaki dakika kumi na tano. Kibonge ananyonya, shavu kalilaza juu ya kiwiko changu, kile kibaya kuliko vyote. Nilitaka kukifunika. Sijakifunika. Mama mkwe anatutazama, begi magotini. Nje gari lililokuja kumchukua limepiga honi. Limepiga tena.

Hajanyanyuka.