Mutoto wa Kitabu

Carine! Acha kila kitu, soma hii. Adèle wetu ameua mutoto!

Alimaliza kusoma ile roman ya vijana, kitabu cha mutoto Zawadi, akaandika maoni ya club yetu ya lecture, ya kusoma vitabu: «Zawadi amekufa, nimelia sana.» Akakosea, akaituma mu groupe ya WhatsApp ya parokia!

Asubuhi, mamans wa parokia hawa kwake, na viti, na sufuria ya maharagi. Wanalia. Wanalia kabisa kabisa!

Adèle akapiga kelele: «Ni mutoto wa kitabu! Wa kitabu!»

Maman Virginie akapanguza machozi: «Maskini papa Kitabu. Na yeye iko wapi?»

Adèle amechoka, akajibu: «Iko mu kabati.»

Wao wakasikia «mu Kabare», kule inje ya muji.

Carine, pikipiki mbili zimeshaenda kumuleta papa Kitabu.