Mbichi Hadi Kiwiko

Chanji, Sumbawanga
27 Novemba 2024

Felisiani,

Umeniaibisha. Shikamoo yako nitaiitikia siku utakayokuwa na uso wa kuileta. Mimi mzima, ila miguu. Wewe sijui, maana simu yako anapokea msichana, anasema bosi yuko kikaoni. Ndiyo nakuandikia, kwa madarasa yangu mawili.

Miaka mitatu iliyopita ulikuja kunirekodi hapa jikoni. Nikasema: "Mvua ya kwanza ikinyesha, toa mbegu darini. Lakini usipande. Choma mkono kwenye tuta. Udongo ukiwa mbichi hadi kiwiko, ndipo upande." Kampuni yako uliianzishia mezani kwangu, na kompyuta ya kuazima. Leo wakulima Ufipa nzima wanapiga namba yako kunisikia, nami napita sokoni kama mke wa mkuu wa mkoa.

Kumbe umenikata ulimi. Simu inasema toa mbegu darini, basi, maneno yangu yameishia hapo. Kristiana, huyu mjane jirani, akapanda mahindi yote. Jua la wiki mbili limeyamaliza. Jana kasimama mlangoni: "Mama Rozina, si wewe uliyesema?"

Bibi yako


Dar es Salaam
6 Desemba 2024

Shikamoo Bibi,

Pole na miguu. Mimi sijambo, kazi tu ndiyo inanila. Kosa ni langu. Ujumbe haukutakiwa kuzidi nusu dakika, nikakata nikidhani nimebakiza la maana.

Wawekezaji wamekuja mwezi huu, siwezi kutoka. Nimetuma magunia mawili ya mbegu kwa basi, mpe Mama Kristiana. Tena nakuomba uende dukani kwa Oswaldi, urudie maneno yale kwenye simu yake anitumie. Ile ya zamani nitaifuta.

Nimekukumbuka sana, Bibi.

Mjukuu wako


Chanji, Sumbawanga
15 Desemba 2024

Felisiani,

Salamu zimefika. Magunia pia, yako barazani na kamba zake. Kristiana hayataki. Anasema hakuja kuomba mbegu, alikuja kuuliza aliyemwambia apande ni nani. Gunia litamjibu nini?

Kwa Oswaldi siendi.

Kuna jambo sikukuambia. Mwisho wa ile sauti ulisahau kujikata wewe: "Haya Bibi, asante." Na kicheko kidogo. Kila siku nikimaliza kuosha vyombo napiga namba hiyo. Sijisikilizi ninavyoropoka, ndiyo maana sikujua umenikata; nakungoja wewe. Miaka mitatu sasa, mjukuu wangu ni maneno matatu.

Ifute tu, isije ikamponza mwingine.

Kisha panda basi la Jumatano. Usipitie sokoni kusalimiwa. Gunia utalibeba begani mwenyewe mpaka shambani kwa Kristiana, umwambie aliyekata ni wewe, halafu uchome mkono kwenye tuta lake akikutazama. Sauti nyingine nitakupa hapohapo.

Vaa shati la mikono mifupi.

Bibi yako