Siku Tatu Tupu za Nyota Yako

Baba Pacha, mume wangu,

Huku tu wazima. Mama yako bado anakohoa kidogo. Bomba la jikoni limetengenezwa, sasa linavuja upande wa pili.

Nimemaliza kuchora vipimo vya ile nyota yako ya ukingoni mwa galaksi. Inavimba na kunywea kila baada ya saa kumi na tatu, haikosei. Kwa mwendo huo tunaujua mwanga wake halisi, na kwa mwanga huo tunajua iko mbali kiasi gani. Ila siku tatu mfululizo jedwali lako ni tupu. Nilidhani nimepoteza karatasi, nikamuuliza fundi wa darubini.

Akacheka. "Shemeji, siku zile tulikishusha kioo tukakiosha. Hakuja mtu."

Nami nikakumbuka asubuhi zile tatu ulivyorudi na macho mekundu, ukasema nyota imekutesa, nikakupashia maji ya kuoga.

Huko mkutanoni usiwe na wasiwasi, vipimo vyako ni safi. Nyota hukuidanganya hata mara moja. Pale ambapo hukupima, uliacha wazi.

Ni mimi mkeo,
niliyekupashia maji.