Mahindi ya Mama Yake Bosi

Shoga, acha kila kitu! Bosi wetu kaumbuka leo maabara!

Si alizima jeni moja ya utumbo wa viwavi, ili wakila majani ya mahindi yasisagike tumboni? Asubuhi tunafungua boksi, wote wamekufa! Bosi vigelegele, kamwita mkurugenzi mbio: "Jeni hii ndipo pa kuwapiga!"

Nikafungua boksi la pili, la viwavi ambao hatukuwagusa kabisa. Nao wamekufa! Wote, shoga, wote!

Majani waliyokula wote yalitoka shambani kwa mama yake bosi. "Shamba lile halijawahi kuona dawa," bosi alituapia.

Akampigia, sote tunasikia. "Mama, ulipulizia dawa?"

"Kidogo tu, mwanangu. Watu wangesemaje? Binti yangu bingwa wa viwavi, halafu mahindi yangu yaliwe na viwavi?"