Barabara ya Bado Kidogo

Nyumba Na. 17,
Barabara ya Mkwaju,
Ruangwa.

Dada yangu Teodora,

Napenda kukutangazia wewe, shemeji, na ukoo mzima wa huko Mbinga, mkiwa mmesimama kama magoti yanaruhusu, kwamba mdogo wenu Gaudensi sasa ni mtu mwenye namba. Ni kumi na saba. Imeandikwa kwenye kibao cha bati kilichopigiliwa juu ya mlango kwa misumari miwili, mmoja umepinda. Tangu nizaliwe Serikali haijanitambua kwa usahihi namna hii. Hata kuku wangu siku hizi wanaingia ndani kwa adabu.

Shikamoo, dada. Baada ya tangazo hilo nirudi kwenye utu. Mguu wako unaendeleaje? Mmemaliza kuchuma kahawa? Na kifua cha shemeji, kimeachia? Mimi mwili mzima. Mikorosho imetoa maua, ufuta umeshavunwa, mipira ya baiskeli inapasuka kama kawaida, kwa hiyo ugali upo. Kwa yaliyobaki, najikokota.

Uliniuliza kwenye simu huku ninakokaa panaitwaje, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Ni vizuri ulikatika. Jibu lake ni refu.

Unakumbuka nilitoka kwetu kufuata dhahabu Namungo. Dhahabu haikunifuata mimi. Nikasogea hapa pembeni mwa mji wa Ruangwa, kwenye njia ya kutokea Nachingwea, nikafungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Wakati ule palikuwa mikorosho mitupu na nyumba mbili, na hapakuwa na jina. Mtu akiuliza unakaa wapi, unanyoosha mkono.

Kresensia wangu ndiye aliyepapatia jina, wala hakukusudia. Aliweka mafiga matatu kando ya barabara, akawa anachemsha ming'oko, ile mizizi ya porini wanayoipenda watu wa huku. Ming'oko haina haraka. Basi la kutoka Nachingwea likisimama, abiria wanatoa vichwa madirishani: "Mama, imeiva?" Naye anafunua sufuria, anachungulia kama daktari, anafunika. "Bado kidogo, mwanangu." Nimeishi naye miaka yote ile, sijamsikia akimjibu mtu "tayari". Abiria wanasubiri, dereva anapiga honi, yeye anasonga kuni.

Konda wa basi lile, Hamisi, alianza kwa utani: "Jamani, chai tutakunywa Bado Kidogo!" Halafu utani ukaisha, ikawa kituo. Nyumba zikaongezeka, ikaja mashine ya kusaga, msikiti, kigango chetu, na wote tukawa watu wa Bado Kidogo.

Jina lilikuwa na kasoro moja, sikufichi. Wageni lilikuwa linawapitiliza. Siku moja mwalimu mpya, mama mmoja mnene mwenye godoro, alipitishwa mpaka stendi. Akarudi na bodaboda, godoro kichwani, akamkuta Hamisi kwenye kibanda changu.

"Wewe konda, si nilikwambia nishushe!"

"Mama, nimekuita mara tatu! Bado Kidogo, Bado Kidogo!"

"Ndiyo! Umeniambia bado kidogo, nami nikatulia!"

Kresensia alicheka mpaka akakaa chini. Alimpa yule mama ming'oko ya bure, ambayo, nadhani unajua, ilikuwa haijaiva.

Dada, najua hukuweza kuja msibani, na sina kinyongo. Njia ya kutoka Mbinga mpaka huku si ya mtu mwenye mguu mbovu. Ila sijapata kukusimulia. Nilimlaza Kresensia hospitali Nachingwea. Kila nikiingia asubuhi na uji, namuuliza, "Mama, umepata nafuu?" Ananijibu lile lile. Mara ya mwisho alilisema huku macho yamefumbwa, na mimi nikaenda kuosha kikombe nikiwa nimeamini.

Kisha wajomba zake walikuja kutoka Mbwemkuru. Kwa Wamwera mwanamke ni wa ukoo wa mama yake. Mume ni mtu mwema aliyepita. Walimchukua kwa heshima zote wakamzike kwao, wakanishukuru kwa kumtunza kama unavyomshukuru mtu aliyekurudishia baiskeli ikiwa na kengele yake. Mtoto hatukujaliwa. Picha moja aliyopiga ni ya kitambulisho, nayo alikasirika kabla ya kupigwa. Kwangu yakabaki mafiga matatu, na sauti ya konda ikipita barabarani na maneno ya mke wangu. Nilikuwa namsikia hivyo kila basi lilipopita. Sikuhitaji zaidi.

Ndipo likaja hili zoezi la anwani za makazi: kila barabara jina na nguzo, kila nyumba namba. Mtendaji wetu, kijana mpole wa kutoka bara, aliitisha mkutano kwenye mashine ya kusaga. Mzee mmoja alitaka barabara iitwe kwa jina lake kwa sababu nyumba yake ilitangulia kuezekwa bati. Mwingine akataka Maendeleo. Halafu jirani yangu Bi Somoe, anayeuza mbaazi, akasimama akifunga kanga vizuri, nikajua leo kuna mtu ataumia.

"Barabara hii ina jina lake. Bado Kidogo."

Mtendaji akatabasamu. "Mama, tunataka jina lenye heshima. Mtu akiulizwa anaishi wapi, ajibu bado kidogo?"

"Heshima gani? Mwenyekiti wetu huyu hapa anaitwa Sijaona, na anatuongoza. Sasa barabara ikiitwa Bado Kidogo itapotea njia?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti Sijaona mwenyewe alicheka kuliko wote, akasema wenye kuliafiki wanyooshe mikono. Mikono ikawa msitu. Na mimi niliunyoosha wangu, dada, nikaangalia chini. Nilikuwa nimeshaiona ile nguzo: chuma, rangi ya bluu, maneno ya Kresensia juu yake. Sikuomba kaburi. Niliomba kibao.

Siku chache baadaye Mtendaji alikuwa kibandani kwangu, nikimzibia pancha, simu yake ikaita. Walikuwa wakubwa zake wa mjini, wanaokusanya majina. Aliweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshika gurudumu.

"Barabara yenu ya kuingilia, jina?"

"Bado Kidogo."

"Haya, fanyeni haraka basi."

"Hapana mkuu, nasema Bado Kidogo."

"Nimekusikia, ndugu yangu. Na mimi nakwambia fanyeni haraka."

Simu ikakatika. Tukatazamana. "Wameelewa," alisema Mtendaji. Hata gurudumu halikuamini.

Nguzo ilipokuja, tulitoka wote kuipokea, Bi Somoe amevaa kanga mpya. Mafundi walichimba shimo, wakaisimamisha, wakaondoa karatasi. BARABARA YA MKWAJU. Bi Somoe akamwambia fundi, "Baba, umekosea nyumba." Fundi akasema kwenye orodha yao hapa paliandikwa jina bado, siku zikaisha, wakapewa la akiba. Tukatazama huku na huku. Mkwaju hakuna mpaka ng'ambo ya korongo.

Nilivaa shati la kanisani nikaenda mjini. Nilimkuta binti kwenye kompyuta, ana adabu zake.

"Shikamoo baba. Hapa inasomeka jina lilikuwa bado."

"Ndilo jina lenyewe, binti."

"Lipi?"

"Bado."

"Bado nini, baba?"

"Bado kidogo."

"Basi mngeleta likiwa tayari!" Akacheka, na wenzake wakacheka, na haki ya Mungu hata mimi nilianza kucheka. Halafu nikaweka mikono juu ya meza yake. Nikamwambia halikuwa jina la mtu, ni mke wangu alikuwa anajibu hivyo, na kwamba hajibu tena. Yule binti akaacha kucheka. Akanivutia kiti. Alibonyeza bonyeza muda mrefu, nadhani kwa huruma tu, kisha akasema polepole, "Pole, baba. Mfumo umeshafungwa."

Hamisi amehamia magari ya Lindi. Konda aliyepo sasa ni kijana, ametoka Dar, anasoma nguzo. Juzi nilikuwa nasimika uma wa baiskeli nikamsikia: "Mkwaju, Mkwaju, wa kushuka!" Wakashuka wote wanaohusika. Hakuna aliyepitilizwa. Kusema kweli linafanya kazi vizuri sana, hilo jina. Niliweka spana chini nikasubiri basi liondoke, nikijua hakuna kitu cha kusubiri.

Mafiga nimeyaacha palepale. Bi Somoe aliomba ayatumie, nikamwambia nitafikiri.

Nisalimie shemeji, mwambie aache ugoro. Wasalimie wapwa zangu wote, hasa huyo wa mwisho mwenye meno ya kutangulia. Msalimie katekista aliyetufundisha sala, na shangazi yetu wa Kigonsera kama bado anagombana na mbuzi wa watu. Mwambieni padri amtaje Kresensia kwenye misa, alitaje na jina la baba yake, maana huku ameanza kutajwa kwa uchache.

Ni mimi ndugu yako ninayekupenda,
Gaudensi

Hiyo anwani ya juu usiitumie. Huku barua haziletwi majumbani. Andika sanduku la posta la parokia.