Walisema Kikosi Chenu Kiko Tayari

Kaka Mutuma,

Nakuandikia nikiwa hapa kwangu, mtaa wa Majimbo, Embu. Kichefuchefu kilichonishika siku ya mazishi yako hakijaniacha.

Unakumbuka ile Jumapili nilipotoka kanisani nikakukuta mlangoni kwangu umebeba ndizi za Mitunguu? Hukunisalimia hata vizuri. "Dada, wewe ni nesi. Mtu akipigwa risasi pajani, unamfungaje?" Nilidhani ni utani. Ukaniambia mafunzo ya huduma ya kwanza kambini yamefutwa, kwa kuwa wakaguzi wa utayari wa vita wanakuja na kamanda anataka gwaride lipendeze. Nawe, sajini, ulikuwa na askari wa kufundisha. Tulishinda sakafuni, ukinifunga paja kwa leso na mwiko, ukikaza mpaka nikapiga kelele, "Utanikata mguu!" Hapo ndipo ulipocheka.

Likizo iliyofuata hukucheka kabisa. Chai ilipoa mbele yako ukinisimulia ukaguzi ulivyokuwa. Kamanda aliazima redio za mawasiliano kutoka kikosi jirani. Magari mabovu yakapakwa rangi. Askari wasiojua kulenga shabaha wakafichwa jikoni wamenye viazi, na walengaji hodari wa kuazimwa wakasimama mahali pao. Mkaguzi alipokuuliza kama watu wako wako tayari, ulimjibu kamanda akisikia, "Bado, afande. Na hizo redio si zetu." Yule mkaguzi akakohoa, akapita, akaenda kula mbuzi. Mkapewa alama za juu. Jioni redio zikarudishwa kwa wenyewe.

"Naona aibu hata kuvaa hii yunifomu," uliniambia.

Kisha mkapelekwa mpakani. Yaliyofuata nilielezwa na Koplo Kirimi, uliyemfundisha mwenyewe. Gari lenu lilishambuliwa, nawe ukapigwa pajani. Kirimi alikufunga kwa mkanda wake vile ulivyomwonyesha, damu ikapungua.

"Tulimfunga vizuri, dada," aliniambia akilia. "Lakini redio yetu haikushika. Tuliita, tukaita. Akawa anatuuliza, 'Wamejibu?'"

Hakuna aliyejibu. Ulikufa ukiwasubiri.

Kamanda alikuja kukuzika kwetu Ruiri, viatu vinang'aa. Akashika kipaza sauti, akasema kikosi chako kilikuwa tayari kuliko vingi nchini. Watu wakapiga makofi! Nilisimama katikati ya hotuba yake, mchungaji akinivuta nguo niketi, nikamuuliza, "Redio zilikuwa wapi?"

Alinitazama kama anayemtazama mtoto aliyejikojolea kanisani. "Pole, dada. Hayo ni mambo ya kazi."

Baadaye nilimwona kwenye hema la wageni akiongezewa nyama, akijipangusa mafuta midomoni. Nilizunguka nyuma ya zizi la ng'ombe nikatapika.

Amepandishwa cheo, kaka. Hakuna aliyemuuliza kitu. Juzi nikiwa zamu alitokea kwenye televisheni ya wodi akisifu mafunzo ya askari wetu. Niliizima, wagonjwa wakanung'unika, nikawaacha wanung'unike. Yule mkaguzi naye simfahamu hata kwa sura, lakini namchukia zaidi. Kamanda alidanganya. Yeye aliambiwa ukweli ana kwa ana, akauruka kama kinyesi njiani.

Wiki iliyopita nilienda kumwona Mama. Tulikuwa jikoni akipepeta maharagwe, simu yake ikalia, akaiweka spika. Alikuwa afisa kutoka kambini, sauti tamu kama asali. Wamejenga mnara wa kumbukumbu, na wanamtaka Mama aufungue akiwa bega kwa bega na kamanda.

"Ni heshima kubwa, mama. Jina la kijana wako tumelichonga kwenye mawe."

Mama aliuweka ungo chini. Kisha akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole, ili huyo bwana asikose hata neno:

"Hiyo jina ni mimi nilimpatia. Itoeni kwa hayo mawe yenu."

Akakata simu, akaendelea kupepeta.

Lala, kaka. Sisi huku hatutawapigia makofi.

Dada yako,
wa Embu