Meneja Amechagua Kipimo

Mwenzangu, uko wapi? Shika simu. Meneja wetu leo amenimaliza.

Si unakumbuka wale wageni wa harusi waliotapika hotelini wiki iliyopita? Basi leo ameita dada mmoja wa maabara, tuchague kipimo cha kutupima sisi wapishi.

Dada wa watu akaeleza taratibu: virusi vya tumbo vinatafutwa kwenye choo, kila mpishi alete kidogo kwenye kikopo. Meneja akakunja uso kama amenusishwa. "Hoteli yangu haibebi vinyesi. Wapime damu. Damu ina heshima."

Damu ina heshima. Kwa masikio yangu haya.

Dada akamwambia kwenye damu hatavikamata. "Basi wapime joto."

Nikamuuliza, na yeye je, atapimwa? "Mimi si mtu wa jikoni."

Sasa sikia. Huyo asiye mtu wa jikoni alikuwa anatoka kikaoni kila mara, ameshika tumbo. Safari ya mwisho akaja jikoni, sote na yule dada tumesharudi pale, na choo alichotoka hakina maji tangu asubuhi. Akachovya kidole kwenye mchuzi wa wageni, akaramba, akachovya tena. "Ongeza chumvi."

Akachovya tena, mwenzangu. Kidole kile kile.

Nikabeba sufuria, nikamwaga mchuzi wote kwenye sinki huku ananitazama. Akasema nina wazimu, kesho nisije kazini.

 Yule dada akamsogezea kikopo tu, na ubavuni alikuwa ameshaandika: Meneja.